Malalamiko Juu ya Bata Mwenye Maneno Matatu

Kwa Mchapishaji wa vitabu vya picha vya "Bata na Ndoo Yake"

Ndugu Mchapishaji,

Natanguliza salamu, na kukuombea afya njema wewe na wote walio chini ya uangalizi wako. Mimi ni mzee wa miaka sabini na miwili. Nimesoma elimu ya dini tangu utotoni, na kwa miaka thelathini na mmoja nimekuwa nikitoa mawaidha katika nyumba ya ibada ya mtaani kwetu. Sina mazoea ya kulalamika. Lakini vitabu vyako vimeingia nyumbani kwangu, vimemfundisha mjukuu wangu kusoma, na sasa sina budi kushika kalamu.

Mjukuu huyo ana miaka sita. Tunamwita Kidole, kwa sababu utakayoielewa hivi punde. Mama yake, ambaye ni binti yangu wa pili, alimnunulia vitabu vyako vitano vya kwanza, na kwa kuwa yeye hushinda kazini, shughuli ya kumsomea mtoto kila alasiri iliniangukia mimi. Niliipokea kwa moyo mkunjufu. Nina kiti changu karibu na dirisha, nina miwani, nina sauti. Nilidhani hayo yanatosha.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Uchache wa maneno. Ukurasa wa tatu wa kitabu cha kwanza una picha ya bata, picha ya ndoo, na maneno matatu: "Bata ana ndoo." Nimeupima kwa rula. Pana nafasi nyeupe ya kutosha maneno tisini, nayo imeachwa wazi kama uwanja. Mtu aliyezoea kutoa mawaidha hawezi kuifikia nukta mapema hivyo. Pumzi yenyewe inakataa. Kwa hiyo nilisoma hivi: "Bata, kiumbe mnyonge wa Mola wetu, aliamka alfajiri, akashukuru, kisha akachukua ndoo kwenda kumtekea maji mama yake mgonjwa." Mtoto alifurahi. Tukaenda hivyo wiki tatu, mama yake bata akizidi kuugua ukurasa baada ya ukurasa, nami nikiamini kwamba nimekufanyia hisani.

2. Kurudiarudia. Kitabu cha pili chote kinauliza, "Ndoo iko wapi?" Kinauliza mara tisa. Picha inaonyesha wazi kwamba ndoo iko kichwani mwa bata. Mimi, mtu mwenye mvi, nimelazimika kuuliza mara tisa, katika visomo vinne kwa siku, jambo ninaloliona kwa macho yangu, huku mtoto akipiga kelele, "Kichwani!" Siku hizi mke wangu akiuliza miwani yake iko wapi, nyumba nzima humjibu, "Kichwani!", na ubaya ni kwamba huwa kweli. Kuna hatari kubwa zaidi: mtoto aliyazoea maneno yale kwa sura, kama anavyowazoea majirani, akaanza kuyatambua popote anapokutana nayo.

3. Kidole. Siku moja, bila onyo, mjukuu wangu aliweka kidole chini ya neno "Bata", akakisogeza kwenye "ana", kisha kwenye "ndoo", na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimefika alfajiri. Kidole kikatoka nje ya ukurasa kikabaki kinaning'inia. Akaniambia, "Babu, maneno yameisha, mbona wewe bado unaendelea?" Nilimweleza kuwa hiyo ni tafsiri. Akauliza imeandikwa wapi. Bibi yake, aliyekuwa akikunja nguo, alicheka mpaka akazikalia zile alizokwisha kuzikunja.

Tangu siku hiyo kidole hakijapumzika. Kimepita kwenye kibao cha duka la dawa, kimepita kwenye mfuko wa unga, na hatimaye kimefika kwenye kopo langu la juu ya kabati, ambalo kwa miaka mingi nimewasomea wajukuu wote kuwa limeandikwa "Dawa ya Babu, Chungu Sana". Limeandikwa "Biskuti za Maziwa". Sikusema uongo, Ndugu Mchapishaji. Hiyo nayo ilikuwa tafsiri.

4. Heshima ya mawaidha. Mimi husimama mbele ya waumini nikiwa na karatasi mkononi, nao huamini kwamba naisoma. Mwezi uliopita niliiweka mezani ili ninywe maji. Kidole, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele, akainuka, akaitazama, akatangaza kwa mtindo uleule wa vitabu vyako: "Babu ana maneno manne!" Fundi cherehani, ambaye hukaa nyuma ili asinzie kwa adabu, akauliza ni yapi hayo. Mtoto akayasoma moja moja, kidole kikitembea: "Subira. Jirani. Subira. Maliza." Fundi akasema, "Hilo la nne, mzee wangu, leo ndiyo mara ya kwanza kulisikia." Mawaidha yangu ya dakika hamsini sasa ni ya dakika kumi na mbili, kwa sababu nikizidisha, kidole huinuka. Waumini wameongezeka, jambo linalonitia mashaka juu ya nia zao.

5. Kitabu cha sita. Binti yangu alikileta Jumatatu. Jumanne alasiri nilikaa kwenye kiti changu, nikafuta miwani, nikauweka tayari ule mto mdogo anaouegemea mtoto. Hakuja. Nilimkuta chini ya meza, kitabu mapajani, akimsomea paka kuanzia jalada mpaka mwisho bila msaada wa mtu, na paka akisikiliza bila kuongeza lolote. Nilirudi nikakaa. Chai ilipoa. Sina la kuongeza kwenye namba hii.

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba ufanye mojawapo ya mambo yafuatayo. Utoe barua yenye mhuri wa kampuni, ikithibitisha kwamba ukurasa wa tatu unasema kama nilivyosema mimi. Hilo likishindikana, uchapishe vitabu vyote upya kwa maneno yangu. Naambatanisha kurasa sitini na moja za maisha ya bata, pamoja na maradhi ya mama yake. Hilo nalo likishindikana, uondoe picha zote, kwani ndizo zinazompa mtoto ujasiri wa kubahatisha neno na kulipata. Na ikiwa haya ni mazito kwako, basi kitabu cha saba kisiwe na herufi hata moja, wala picha, wala jalada linalofunguka, ili mtoto akikishika alazimike kukipeleka kwa mtu mzima aliyeketi karibu na dirisha.

Nisalimie mhariri wako, mtu mwenye uchoyo wa maneno. Nisalimie mchoraji, ambaye kwa vitabu sita hajaijaza ndoo ile hata nusu. Nisalimie wafunga vitabu, madereva, na mlinzi wa getini. Kwa bata mwenyewe sina kinyongo. Mola akuongoze unijibu kwa maneno yanayozidi matatu.

Ni mimi,
Babu yake Kidole

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, Kidole alikuja, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza kuisoma barua hii. Maneno marefu aliyaruka. Yaliyobaki yalimchukua alasiri nzima. Nilitarajia anicheke. Alipomaliza alirudi kwenye namba ya kwanza, akaniuliza, "Babu, huyu mama yake bata kitabuni hayupo. Nimemtafuta kote, hata nyuma ya ndoo. Lakini alipona?" Nikamwambia habari hiyo ni ndefu. Akaenda kuleta kitabu cha kwanza na ule mto.

Sasa yeye husoma maneno yake matatu, kidole kinafika mwisho, kisha ananitazama, nami naendelea. Kwa hiyo nakuomba usiongeze neno hata moja popote. Ile nafasi nyeupe iache kama ilivyo. Imekwisha kupata kazi. Kurasa zangu sitini na moja nimezitoa kwenye bahasha, maana tunazihitaji. Barua yenyewe naituma nzima, kwa kuwa Kidole amekataa niruke hata ukurasa mmoja. Kitabu cha saba ukitume upesi.

Mama yake bata aliyapata maji jana. Anaendelea vizuri.