Mtoto wa Buluu wa Doña Saturnina

Nemesio Villca alipoliona silo la jasi la Doña Saturnina Calle likivuja unga kama pua yenye mafua, moyo ulimruka kwa furaha. Chini ya silo hilo hapakuwa na lango la maana, ila bati nene lililogongwa kwa nyundo kila unga ulipotakiwa kusimama. Mji mzima wa Oruro ulijua mama huyo ana pesa. Nemesio naye alikuwa na valvu ya maji aliyoiokota kwenye chuma chakavu cha mgodi uliofungwa, akaipaka buluu ya kung'aa. Alichotaka ni kuiuza na kuwasha gari kwenda Santa Cruz kabla unga haujapita ndani ya valvu hiyo.

"Hii ya Italia, mama," alisema akiipapasa. "Unazungusha usukani, lango linapanda. Unarudisha, linashuka. Jasi inatii yenyewe."

Doña Saturnina aliinama, kofia yake haikutikisika, akatia kidole ndani. "Na huu mfereji hapa chini?"

Sasa, aliyefanya kazi na unga anajua kwamba lango lake linataka bapa jembamba la kukata, na njia nyoofu isiyo na pa kujificha. Mfereji ni wa valvu za maji. Maji hupita zake, unga hukaa. Nemesio hakulijua hilo, lakini kutojua hakujawahi kumzuia kujibu.

"Wa mafuta, mama. Ya kulainisha."

"Ahaa! Waitaliano bwana!" Akalipa palepale bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo lingemshtua tapeli mwenye akili zaidi. "Ila Ijumaa tunaifanyia challa, tuibariki kwa pombe. Wewe utakuwa baba yake wa ubatizo."

"Ijumaa nina safari, mama..."

"Watakuja wenye vinu vya jasi wote wa mtaa huu. Saba. Malango yao yote yanavuja."

Safari ikaahirishwa.

Ijumaa valvu ilikuwa imeshapachikwa chini ya silo. Bendi ilipiga, gari la Nemesio likapambwa maua, na ufunguo wake ukawekwa mezani nao ubarikiwe. Akaapa mbele ya watu wote kumtunza mtoto huyo wa chuma, na afya yake pia. Kisha pombe kali ikamwagwa, kwanza chini kwa Pachamama, Mama Ardhi, halafu juu ya valvu. Rangi ya buluu ikaanza kutiririka, na kutu ikachungulia.

"Mtoto anatoka jasho," alisema mwenye kinu mmoja.

"Hajazoea baridi ya huku," alijibu Nemesio, naye akilowa mgongo.

"Fungua, baba!" walipiga kelele.

Akafungua. Unga ukashuka vizuri, watu wakashangilia. Akarudisha usukani, ukagoma: jasi ilikuwa imeshindiliwa ndani ya mfereji. Akasukuma, akabembeleza, akatukana. Unga ukamfika magotini, nywele zikawa nyeupe, na bendi haikusimama hata kidogo. Ndipo Doña Saturnina akachukua nyundo, akaligonga mara moja lile bati lake kuukuu, ambalo alikuwa ameliacha juu ya valvu. Unga ukakatika.

"Kumbe ulijua!"

"Marehemu mume wangu aliuziwa kama hii. Yeye aliambiwa mfereji ni wa kupozea." Akauchukua ufunguo wa gari mezani, akautia kifuani, mahali ambapo hakuna mwanamume aliyethubutu kuufuata. "Mtoto mgonjwa, mzazi mwenzangu. Niletee lango lenye bapa, la pesa yako. Gari utalipata akipona."

Gari hilo ndilo lilikuwa mali yake yote, na wenye vinu saba walikisikia kiapo. Jumatatu Nemesio alipanda basi mpaka La Paz, akaingia duka la vyuma.

"Hii ya Ujerumani, bosi," muuzaji alisema akiipapasa valvu nyekundu. "Jasi, saruji, inazuia chochote."

Nemesio akainama, akatia kidole ndani. "Na huu mfereji hapa chini?"

"Wa mafuta, bosi. Ya kulainisha."

Nemesio akakaa juu ya kreti, jasi ingali imeganda masikioni, akataka kulia.