Bwawa Limekuwa Maji ya Mchele

Jumatatu, 4 Machi
Maji ya bwawa yamebadilika rangi. Wiki iliyopita ulikuwa unahesabu vigae vya chini. Leo ni kama maji niliyooshea mchele. Nimeizamisha fimbo yangu, nusu yake ikapotea.

Mke wa mwanangu kaniuliza kama kuna kitu nimegusa. Nikamwambia mimi na bwawa wapi na wapi, mimi nimekua naoga kwa kopo. Hilo ni kweli kabisa. Ila halikuwa jibu la swali lake.

Humu nitasema, maana daftari nalificha ndani ya foronya. Pampu ya bwawa iko nyuma ya ukuta wa chumba changu, na inakoroma. Marehemu mume wangu alikoroma miaka thelathini na nane nikavumilia, kwa kuwa nilikuwa nimeolewa naye. Pampu haijanioa. Basi wiki tatu sasa, nikishakula mchana, naizima nipate usingizi. Siku nyingine nasahau kuiwasha mpaka kesho yake. Fundi alisema izungushe maji masaa manane kila siku. Fundi halali chumba hiki.

Ubaya ni huu: mwanangu anakuja Jumapili. Anafanya kazi mbali, miezi saba hatujamtia machoni, na Jumatatu alfajiri anaondoka. Binti yake wa miaka tisa, tunamwita Dagaa, amemwahidi kwenye simu kwamba atalivuka bwawa mwanzo mpaka mwisho bila boya. Miezi mitatu anajifunza. Na sheria ya mama yake inajulikana: sakafu ya bwawa isipoonekana, mtoto haingii. Akizama nani atamwona?

Jumanne, 5 Machi
Fundi wa bwawa kaja na begi lake la vichupa. Kachota maji, kadondoshea dawa, kayatazama juani. Akasema klorini ipo ya kutosha, shida ni kwamba maji hayazunguki. Kisha akanigeukia, akauliza kwa adabu zote, bibi, hii pampu inawaka kila siku?

Mbele ya mke wa mwanangu nikamwambia asinihoji kama askari, mimi namzidi umri mama yake. Nikasema dawa zake zimepitwa na wakati, na kazi yake hapa ni kuopoa majani na kumaliza chai yetu.  Aliangalia swichi, akaniangalia mimi. Alijua. Hilo ndilo lililonichoma. Akafunga begi, akasema akihitajika aitwe.

Jumatano, 6 Machi
Darasa la nne niliishia, lakini akili sikuishia nayo. Zamani maji ya mto tuliyasafisha kwa jiwe la shabu. Unasaga, unakoroga mtungini, unaacha, tope linashuka chini lenyewe. Bwawa ni nini kama si mtungi mpana?

Nimenunua kilo tatu. Muuza duka akauliza kama zote ni za kwapa. Nikamwambia nitamwachia kidogo ya mdomo wake.

Kilo mbili nimezisaga na kuzimwaga. Pampu nimeizima, maana maji yatakiwa kutulia. Mpango na usingizi wangu vimekubaliana.

Alhamisi, 7 Machi
Asubuhi maji maangavu kama kioo! Uchafu wote umelala chini kama unga uliomwagika. Dagaa karukaruka mpaka kandambili zimemvuka. Nikamwambia mama yake kwamba ufundi hauko kwenye begi. Akasema kweli, mama.

Ningeacha hapo. Lakini unga ule chini ulinikera, mimi sijawahi kuacha uchafu sakafuni. Fundi huwa ana bomba lake la kunyonya, mimi nina ufagio wa uani. Nikaufunga kwenye mti mrefu, nikafagia.

Kabla sijaweka kilemba sawa, bwawa lote lilikuwa maziwa. Dagaa akauliza, bibi, mbona umelikoroga?  Nikaiwasha pampu inisaidie, ikalimeza lile tope lote. Chujio limeziba. Sasa pampu haikoromi, inakohoa.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeongeza klorini nusu ndoo. Maji yako vilevile, ila macho ya kila mtu yanatoa machozi, na kamba ya nguo haikaribiki kwa harufu.

Mke wa mwanangu akataka kumpigia fundi. Nikasema fundi akiingia mlango huu, mimi natoka kwa huohuo. Akairudisha simu mfukoni. Ananiheshimu sana yule. Leo natamani angeniheshimu kidogo.

Jumapili, 10 Machi
Mwanangu kafika. Dagaa alikuwa amevaa nguo ya kuogelea chini ya gauni tangu alfajiri. Akamkokota baba yake mpaka ukingoni hata begi hajalitua. Mwanangu akachutama, akazamisha mkono, vidole havikuonekana. Akamwambia binti yake, hapana, mama. Dagaa akasema atapita pembeni tu, akiwa ameshika ukuta. Baba yake akasema hapana.

Mtoto hakulia. Alilala kifudifudi kwenye zulia la sebuleni akamwonyesha hapo, anapiga mikono, anageuza shingo kuvuta pumzi, mpaka akagonga kichwa kwenye mguu wa meza. Baba yake akapiga makofi. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alikuwa pale chini, anaogelea kwenye zulia.

Mwanangu akauliza bwawa limeharibiwa na nani. Nikasema fundi. Mke wake akatazama dirishani. Dagaa akanitazama mimi.

Jumatano, 13 Machi
Mwanangu kaondoka juzi. Fundi kaitwa, na ruhusa yangu haikuombwa. Sikutoka kwa mlango wowote.

Kaacha tope lishuke, kalinyonya taratibu kwa bomba mpaka mtaroni, hakugusa ufagio. Kisha kauosha mchanga wa chujio, maji anayapitisha kinyume mpaka yakatoka safi. Akasema pampu isizimwe siku mbili, usiku na mchana. Kuhusu mimi hakusema neno.

Nilimpelekea chai nikiwa nimepanga kumwomba radhi. Nilipofika nikamwambia shati lake halina kifungo, na mtu mzima hatembei kifua wazi. Akalivua, nikamshonea. Nadhani alielewa. Kama hakuelewa, kifungo kipo.

Ijumaa, 15 Machi
Vigae vinahesabika. Dagaa kalivuka bwawa lote bila boya. Alipoibuka upande wa pili alikitazama kwanza kiti ambacho baba yake angekikalia. Nilikuwa nimekikalia mimi. Akauliza, umeona, bibi? Nikasema nimeona, mjukuu wangu, nimeona kila kitu. Mama yake alichukua picha kwa simu, akamtumia baba yake. Baba akajibu kwamba yuko kazini, ataitazama akitoka.

Nimeapa kwa kaburi la mume wangu. Swichi ile siigusi tena maishani.

Jumamosi, 16 Machi
Fundi kaandika ukutani juu ya swichi kwa herufi kubwa: ISIZIMWE. Nimeisoma mwenyewe bila msaada.

Baada ya kuoshwa, pampu ina nguvu mpya. Inakoroma kama mtu aliyeshiba. Marehemu mwenyewe asingeifikia. Nimeizima nusu saa tu, ninyooshe mgongo.

Nimeamka jua limeshazama. Nimekwenda kuyatazama maji. Yana ukungu kidogo, kidogo sana, labda ni macho yangu.

Fundi asiitwe kwa jambo dogo. Chini ya kitanda nina kilo moja ya shabu, na ufagio safari hii nitausukuma polepole.