Hewa ya Chumba cha Mama Mkwe

Jumanne, 8 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Hapa kwetu Bungu kote tope. Habari kubwa: mama mkwe anakuja! Bibi Rukaya mwenyewe, na pumu yake. Anatoka Mtunda kwa Sufiani, mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu Zaitun. Sufiani ana dari. Sufiani ana vigae. Kila Idi nasimuliwa habari za vigae vya Sufiani. Safari hii atanitambua.

Tatizo ni chumba cha wageni. Kinanuka kama taulo lililosahaulika ndani ya ndoo. Ukutani ukungu mweusi umetanda toka sakafuni hadi usawa wa kifua changu. Zaitun kasema nisogeze kabati lililoziba dirisha, hewa ipite. Nimemcheka kwa upole. Nje kuna nini? Mvua. Mvua ni nini? Unyevu. Sasa nifungue dirisha niukaribishe ndani? Namshukuru Mungu kwa kunipa akili ya kuyapima mambo.

Alhamisi, 10 Aprili
Kazi imekwisha! Matundu yote ya hewa nimeyaziba kwa matambara, juu ya matambara nailoni, juu ya nailoni gundi. Mlango nimeupigilia mpira kwa chini. Ukungu nimeupaka rangi nyeupe. Haupo tena. Mwalimu Damas, jirani yetu, kapita na mwavuli, kachungulia, kauliza kama nafuga vifaranga. Nikamwambia huu ni utaalamu. Akasema hongera, akaenda zake. Wivu tu.

Ijumaa, 11 Aprili
Ukuta unatoka jasho. Wallahi, matone yanateremka! Ukungu umetokeza juu ya rangi, na safari hii una ukijani. Nimesikia chumvi hunywa maji, basi nikaweka sahani za chumvi kila pembe. Imekunywa kweli, hadi jioni sahani zimekuwa supu. Lakini ilikuwa chumvi yote ya nyumba, na mchuzi wa leo umelika hivyo hivyo. Zaitun kanisogezea sahani moja ya ile supu, nichovye.

Mama mkwe kafika alasiri. Nilishafukiza udi na ubani, na kwa kujihakikishia nikapuliza ile dawa ya chooni yenye harufu ya waridi. Kaingia. Kakohoa. Katoka. Kakaa barazani akivuta dawa yake ya pumu, mabega yakipanda na kushuka, nami nimesimama mbele yake na chetezo mkononi, sijui nikiweke wapi. Alipopata pumzi akasema udi mzuri, mkwe wangu, ahsante. Atalala na Zaitun chumbani kwetu. Mimi sebuleni, kwenye mkeka. Nashukuru kwa adabu yake. Lakini nimeyaona macho yake yakitafuta dari.

Jumamosi, 12 Aprili
Nimepata! Moto. Unyevu hauna ubavu mbele ya moto. Zaitun na mama yake wamekwenda kwa jirani yetu Habiba kumjulia hali mgonjwa wake. Naingiza jiko la mkaa chumbani, nafunga mlango, nakaa humo humo kusimamia. Wakirudi chumba kitakuwa kikavu kama mbata.

Nipo ndani. Joto tamu sana. Matone yanapungua! Kichwa kinagonga kidogo. Usingizi mwanana unakuja. Nadhani hewa ikishakuwa safi mtu huwa

Jumapili, 13 Aprili
Ni mzima. Alhamdulillahi, ni mzima.

Naandika nilivyosimuliwa. Mama mkwe alisahau dawa yake ya pumu, akarudi kuichukua. Akasikia harufu ya mkaa, akaita, kimya. Akasukuma mlango. Ule mpira wangu ukamgomea. Akaupiga bega. Mwanamke mwenye pumu! Kanikuta chini kando ya jiko. Kabana pumzi, kanishika miguu, kaniburuta hadi barazani. Msuli wangu ulibaki kizingitini. Nilikuwa na bukta ndani, na kwa hilo pia namshukuru Mungu. Ndipo akapiga ukelele. Damas kaja mbio, kalitoa jiko, kanipakia kwenye bodaboda, yeye nyuma yangu amenikumbatia nisianguke.

Zahanati nilipokewa na muuguzi Theopista, mke wa Damas. Kaniwekea oksijeni. Kasema hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu yake yenyewe wala rangi, na watu hulala nayo wasiamke. Alisema taratibu, bila kunigombeza. Hapo ndipo nilipoogopa. Zaitun alinishika mkono, hakuuachia hata alipopiga chafya.

Jumatatu, 14 Aprili
Sufiani kaja na pikipiki. Nikajiandaa kwa kejeli. Hakukejeli. Kavua shati, kajifunga kitambaa puani. Yeye na Damas wametoa kabati, wamechana matambara, wamefungua dirisha. Kisha kanizungusha nje ya ukuta ule ule: mfereji wa bati umepasuka, na mvua yote ya masika inamwagika pale pale! Kauziba, kachimba njia ya maji, kasugua ukungu wote kwa sabuni na siki. Kumwona akitokwa jasho nyumbani kwangu kulinichoma. Baadaye kukaacha kunichoma. Nikamwambia ahsante, mwanyumba. Akajibu nisijali, hata kwake mwaka juzi ukungu ulikula dari.

Dari! Furaha niliyoipata si ya kuandika.

Jumatano, 16 Aprili
Jua, hatimaye. Mama mkwe kalala chumbani kwake, dirisha wazi, chandarua kimeshushwa. Hakukohoa hata kidogo! Kwenye chai kaniita.

"Mwinyimvua," akasema, "Sufiani ananipenda, najua. Lakini hajapata kuzimia kwa ajili yangu."

Zaitun alicheka hadi akamwaga chai. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba kidogo. Kulikuwa na kitu kimeniingia machoni.

Ijumaa, 18 Aprili
Nimejaa shukrani, sijui niziweke wapi. Mama mkwe nimemletea kanga. Sufiani nimempelekea nazi. Lakini Damas na Theopista? Wale wameniokoa roho! Leo nimeizunguka nyumba yao, nikaona jambo la kusikitisha. Ukuta wa chumba chao cha kulala hauna tundu hata moja. Watu wema kiasi kile, wanavuta hewa iliyolala! Sasa mimi hewa naijua.

Jumapili ni Pasaka. Watakuwa kanisani asubuhi nzima. Matundu mawili yatatosha, kila moja upana wa ndoo. Wakirudi wakute upepo unapita hadi kitandani. Sijamwambia mtu, isije ikaharibika raha ya kushtukiza. Mtaimbo nimeshaazima, kwa Damas mwenyewe. Hakuuliza hata wa kazi gani. Mtu mwema sana!