Waraka wa Ukoko

Naapa, mimi jirani wa ukuta mmoja na Jabir, kwa meno yangu yote yaliyobaki: haya yametokea kama nilivyoyaandika, na sikutia hata punje ya chumvi.

Jumuiya ya Wapwani, yenye makao makuu katika chumba kimoja cha kukodi Olaya, Riyadh, ilitangaza kwa furaha kuundwa kwa Idara Kuu ya Uratibu wa Pilau. Kuanzia siku hiyo, ulisema waraka, hakuna atakayepika pilau ya harusi, Riyadh wala Jeddah, bila kibali cha nakala tatu. Aidha, ukoko wote, popote utakapobainika, ni mali ya Mwenyekiti Mubarak.

Hatua ya busara kabisa. Ukoko usio na mwenyewe huvuruga amani.

Waraka ulimfikia Jabir huko Jeddah. Miaka thelathini amepikia harusi za watu wa kwao, na Ijumaa hiyo ilikuwa zamu ya binti yake mwenyewe, Ibtisam. Aliusoma mara mbili. Asipompikia bintiye, siku hiyo akae wapi? Kwenye viti, na wageni?

"Si uombe hicho kibali, yaishe," mkewe Saleha alimwambia.

"Nimwombe Mubarak? Huyo niliyemfundisha kuosha mchele?"

Tena Jabir alikuwa amesoma, katika kitabu kisicho na jalada, habari za lodi mmoja wa Uingereza ya kale. Mfalme alituma makarani wamwulize anamiliki mashamba kwa hati gani. Lodi akachomoa upanga wenye kutu: babu zangu walikuja na huu, hati yangu ndiyo hii! Makarani wakaondoka bila kuaga. Jabir alipapenda zaidi hapo pa kutoaga.

Ijumaa asubuhi Mwenyekiti akashuka kwa ndege, na katibu wake nyuma amebeba muhuri. Wakamkuta Jabir uani, vitunguu vinaanza kugeuka rangi.

"Ndugu mpishi," Mubarak akasema, "unapika kwa kibali gani?"

Jabir akachomoa mwiko sufuriani, mweusi tii, mrefu kama kasia.

"Bibi yangu alitoka nao Unguja mwaka sitini na nne. Nyumba aliiacha, dhahabu aliiacha, mwiko akaubeba. Kibali changu ndicho hiki. Chako kiko wapi?"

"Changu cha nini?"

"Cha uenyekiti, yakhe!"

Mubarak akamtazama katibu. Katibu akapekua faili, akakohoa.

"Kumbukumbu zinaonyesha Mwenyekiti aliyepita alitoka kwenda msalani, akasema, 'Mubarak, nishikie kiti.' Ni miaka kumi na moja sasa."

"Na hakurudi?" Saleha akauliza.

"Alirudi. Alikuta kiti kimekaliwa, akenda zake."

Katibu alikuwa mtu wa taratibu. Akaufungua waraka. "Kifungu cha nne: afanyaye kazi bila kibali atasimamishwa, na atashughulishwa kwa kazi za mikono hadi kibali kitoke."

"Kibali anatoa nani?" Mubarak akauliza.

"Mwenyekiti."

"Basi natoa mimi!"

"Wewe umesimamishwa." Muhuri ukagongwa, paa!

Saleha akamsogezea kisu na gunia la vitunguu vya kachumbari. "Yalla, baba. Tena vyembamba."

Mubarak alikata huku machozi yakimtiririka. Katibu aliandika kuwa ni uchungu wa uongozi.

Pilau ikatoka kila punje mbali mbali. Ukoko Jabir aliwagawia wanawake waliochambua mchele. Mubarak alipata kipande kimoja, akakitilia saini.

Jana nilimsomea Saleha habari hii. Alicheka mpaka nilipofika kwenye mwiko.

"Mwiko wa bibi? Muongo we! Ule si uliuazima wewe ukauvunja, ukigongea msumari? Huu tumeununua sokoni Balad, Shaabani iliyopita!"

Akaingia ndani, akaniletea sufuria la harusi na waya wa kusugulia. Ni sufuria la kuenea ng'ombe mzima. Mpaka sasa nimesugua sehemu ya mkia tu.