Buli la Sitara na Kanzu ya Hashil

Sogeeni, enyi watu wa Kariakoo, nanyi wa Gerezani mnaonukia moshi wa reli, nanyi wa Magomeni mliokuja kwa miguu. Tueni mizigo, nyamazisheni watoto na mbuzi, maana nasimulia vita visivyopigwa kwa mzinga wala bunduki, navyo vilitikisa baraza zima la mkahawa. Wengine wamesifu masultani na miji iliyochomwa moto. Mimi namsifu Sitara binti Sadalla, Mzaramo, Bibi wa Udongo, Mwenye Vidole Visivyoogopa Kaa la Moto, ambaye katika zama za Mwingereza alipambana na Tone la Mwisho.

Tone la Mwisho ni lile tone la chai ambalo, buli likishamimina, halitaki kuingia kikombeni wala kurudi ndani. Hukaa mdomoni mwa buli likitafakari, kisha huteremka kwa siri chini ya kidevu chake na kuangukia chochote kilicho cheupe.

Na katika Kariakoo yote hapakuwa na kitu cheupe kuliko kanzu ya Ijumaa ya Hashil bin Hamud, mwenye mkahawa nyuma ya soko, Mwarabu wa ndevu zilizochanwa na moyo laini. Mkewe, Bi Hamdiya, alikuwa ameifua madoa ya chai mpaka sabuni ikamsikitikia. Jumamosi moja aliitandaza kanzu mbele ya mumewe kama ramani ya nchi zilizotekwa, akanena:

"Baba Muhiddin, hapa ni jana. Hapa ni Idi. Na hapa sijui ulikunywa chai au uliioga. Ijumaa ijayo ikirudi na doa, utaifua mwenyewe, uani, majirani wakikutazama."

Hashil, aliyekuwa hajawahi kukutana na beseni ana kwa ana, alitoka mbio. Jioni ile alitangaza barazani kwamba fundi atakayeleta buli la kumimina chai bila kuchafua kanzu yake, huyo ndiye atakayetengeneza mabuli yote ya mkahawa.

Wakajitokeza mashujaa wawili. Wa kwanza alikuwa Marcelino, Mnyamwezi aliyeshuka na reli kutoka Tabora, fundi bati wa Gerezani, Mpiga Nyundo, Mfufuaji wa Sufuria Zilizokufa. Wa pili alikuwa Sitara. Mume wa Sitara alichukuliwa upagazi wakati wa vita vya Mjerumani, na vita havikumrudisha. Tangu hapo alikula kwa kufinyanga udongo. Lakini bati lilikuwa limeingia mjini, na vyungu vyake vilikaa ukutani kama wageni wasioulizwa hali. Basi aliapa mbele ya wanawake bombani: akishindwa Ijumaa, atanawa udongo mikononi na kukaanga vitumbua. Wanawake wakaanza kumwombea ushindi, kwa kuwa walikwisha kuvionja vitumbua vya Sitara.

Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, nao hawakupigana bila kutukanana kwanza.

"Mtani," alinena Marcelino, "udongo ni wa kuzikia watu. Chai ni ya bati."

"Udongo huo utakuzika wewe, mtani wangu, na sanda nitaidai kwenu. Nikimaliza nitakaa juu ya kaburi lako ninywe chai, kwa buli langu."

"Likivuja nitafufuka nikucheke."

"Fufuka. Nitakukaribisha kitumbua."

Marcelino akaondoka upesi.

Ndipo Sitara akateremka bonde la Msimbazi, akauchimba udongo mweusi, akauchanganya na vigae vilivyotwangwa, akaukanyaga kama akanyagwavyo adui, akaufinyanga, akauchoma. Buli la kwanza lilidondosha. La pili lilitema kama mzee wa tambuu. La tatu lilijizuia kwa uaminifu mkubwa hata chai yenyewe ikakataa kutoka. Sitara aliketi katikati ya vigae, na kwa mara ya kwanza akatazama karai la kukaangia.

Asubuhi ya pili yake, akipita kwa muuza uji, alimkuta Marcelino akinywa. Kila alipoondoa bakuli mdomoni, uji ulizunguka mdomo wake wa chini, ulio mnene na wa mviringo, ukateremkia kidevuni. Sitara akasimama kama aliyeitwa kwa jina.

"Mtani, usiache. Kunywa tena."

"Leo umenipenda?"

"Natazama mdomo wako. Mungu hakuutia ukingo. Uji hauna pa kukatikia, ndiyo maana unakurudia shingoni."

"Basi nifinyangie mwingine."

Lakini shujaa alikwisha kukimbia. Alifinyanga buli la nne, akauchonga mdomo wake kwa kisu ukawa mwembamba na mkali, akauinamisha kidogo mbele. Akalisugua tumbo lake kwa kokoto laini mpaka likang'aa, akaliweka uani, akalifunika makumbi ya nazi na kuyawasha moto.

Nanyi mnajua kwamba chungu kilichomo motoni hakisifiwi, maana jicho la sifa hukipasua. Kwa hiyo majirani waliopita, kwa jinsi walivyompenda, walilitukana.

"Baya," alisema mmoja kwa upole.

"Linafanana na kobe mwenye homa," akaongeza mwingine.

"Ahsanteni, ndugu zangu," alijibu Sitara, na machozi yakamlengalenga. Buli likatoka zima. Akapikia uji mwepesi ndani yake ili vitundu vizibe, akaisubiri Ijumaa.

Baada ya sala, baraza lilijaa hadi barabarani. Hashil aliketi katikati, mweupe kama yai, kikombe mkononi. Marcelino alitangulia. Bati lake lilimeta, na chai ikatoka vizuri. Lakini mkono wa buli nao ulikuwa wa bati, ukamchoma, vidole vikacheza, na tone dogo kama punje ya mtama likatua kwenye mkono wa kanzu. Hashil alilitazama kama mtu anayesoma hukumu yake.

"Si doa," alisema Marcelino. "Ni kivuli."

"Kivuli kina sukari," alinena Hashil baada ya kulionja.

Sitara akaja, buli kichwani juu ya kata ya kitambaa kama abebavyo mtungi. Akalishusha, akaliweka kwenye sinia. Na hapo, enyi wasikilizaji, maangamizi yakachungulia. Kwa maana mama zake wote walifinyanga vyungu vya chini mviringo, vikae juu ya mafiga, naye vidole vyake vilifinyanga vilivyozoea. Na kwenye sinia hakuna mafiga. Buli, lililojaa chai ya moto, likainama, likajifikiria, likaanza kubingirika kuelekea magoti meupe ya Hashil.

Hashil akafumba macho, akaliona beseni.

Nani aliyelizuia? Marcelino, kwa kofia yake. "Mtani," alinong'ona, "nataka nikushinde mimi, si mviringo wa buli lako."

Sitara akaichukua kata iliyokuwa kichwani mwake, akaiweka juu ya sinia, akalikalisha buli ndani yake. Likatulia kama malkia. Akaliinua, akamimina. Kikombe kikajaa. Akalirudisha wima, na Tone la Mwisho likatokea mdomoni, likavimba, likaning'inia. Soko zima likashika pumzi; hata mbuzi mmoja aliacha kutafuna. Tone likatafuta kidevu cha kuteremkia, likakuta ukingo mkali. Likarudi ndani.

Hivyo Sitara akaitwaa kazi ya mkahawa. Kata hazikutosha mabuli yote, basi akamwendea Marcelino amkunjie pete za bati, na tangu siku ile udongo ukakalia bati barazani kwa Hashil, na watani hao wakaendelea kutukanana kwa amani.

Kuhusu doa la mkono wa kanzu, Bi Hamdiya alihukumu kwamba tone lililo dogo kiasi kile si la mumewe bali la Mnyamwezi aliyelimwaga, na Marcelino akalifua mwenyewe, uani, majirani wakimtazama. Ijumaa iliyofuata Hashil alirudi nyumbani. Mkewe aliigeuza kanzu ndani na nje, akaipeleka penye mwanga, akainusa.

"Baba Muhiddin," aliuliza kwa wasiwasi, "leo hukunywa chai?"

Katika historia ya nchi hii, enyi watu wa Kariakoo, hapajasemwa neno tukufu kuliko hilo.