Nilivyopima Afya ya Réseau ya Beni

Leo nimesikia haya mpaka kwa mifupa. Barafiki, musome hii mail kila mutu peke yake, hapana kuisoma na sauti pale kwa cyber.

Kazi yangu munaijua. Mimi ndiye naangalia ma-ordinateur, zile kompyuta za société yetu hapa Butembo, ile inauzisha chumvi, sabuni na mazout, na inanunua kahawa na cacao. Bureau ya Butembo iko na machine zake, ya Beni iko na zake, na antenne zetu zinasemezana juu ya milima. Patron hajapenda ile kitu hata siku moja. Anasema phonie, simu ya upepo, ilimutosha baba yake. Juma hii akaniambia nipime afya ya réseau yote, huo mutandao wetu, na nimuletee jibu leo. Kama ni muzima, ibaki. Kama ni mugonjwa, atauzisha antenne, na mimi nitarudi kwetu Kayna kulima viazi. (Sina hata jembe.)

Sasa, tangu juzi kuko mambo. Ba rebelles, baasi ba upande wa Mambasa, bengine banasema bamekaribia Beni, bengine banasema ni uongo wa bacommerçants ili bei ya chumvi ipande. Phonie, bakubwa ba hapa bamezikataza zote. Na ndani ya parcelle, kiwanja chetu, camion yetu imejaa sabuni na mafuta ya mazout ya kupeleka Beni. Papa Muhindo, chauffeur wetu, alikuwa anaizunguka tangu asubui, anapiga pneu teke, kila gurudumu analipatia ugonjwa wake. Bibi yake alikuwa amekaa karibu na mulango wa parcelle na Biblia juu ya magoti.

Patron akaniita. Akasema, ile réseau yangu, kama iko na faida, imuambie leo kama ba Beni bako kazini. Kama bako kazini, Muhindo anaenda.

Nikasema ndani ya roho: leo ni leo. Nikaingia bureau, nikafunga mulango na funguo, nikabandika karatasi inje: ÉVALUATION. HAPANA SUMBUA. (Na marqueur nyekundu. Ndiyo, majivuno ilikuwa mingi.)

Nikaanza. Kila machine iko na namba yake. Unaita namba, machine ikiwa muzima inaitika, na unaona imekawia namna gani. Za Butembo zikaitika zote. Za Beni, kimya. Nikapanda juu ya mabati, nikageuza antenne kidogo, nikashuka na shati imejaa kutu. Kimya. Nikabadilisha cable. Kimya. Nikaomba Mungu, mimi Mukatoliki wa Noeli na Pasaka. Kimya. Mais kuacha, hapana. Nilifikiria vile viazi vya Kayna, nikafungua ma-machine tena moja moja.

Nilikuwa juu ya meza, cable ndani ya meno, wakati Kavira, secrétaire wetu, aligonga mulango. Akasema kuko bageni. Nikamuambia abapatie viti. Akarudia kugonga.

— Ingénieur, ni ba Beni...

— Kavira, ni ile Beni yenyewe ndiyo natafuta hapa! Uniache nitumike kazi.

Akaenda. Mara ya tatu aligonga, nikapandisha sauti ya redio. (Ule dada anajua kuheshimu mutu. Leo ningependa angevunja mulango.)

Haikupita muda, bandugu, Beni ikaitika.

Ilikuwa machine ya Kambale, comptable wa Beni, mwenye kuhesabu pesa za kule. Na haikuitika kama siku zote, ile ya kuvuta miguu kama mutu anapanda mulima na gunia. Hapana. Ilikuwa inaitika karibu mbele sijamaliza kuita. Nikaita ya pili ya Beni, mbio ileile. Nikafikiri ni dawa ya cable yangu. Nikafikiri hata Bazungu hawana réseau ya namna hii. (Mutu wa akili angejiuliza kitu. Mimi nilicheza ndombolo peke yangu kati ya meza.)

Nikamutumia Kambale message: muko bazima? Akajibu palepale: tuko bazima, Mungu ni mwema, tumechoka tu. Nikasema, kuchoka nani hachoki, kazi ya comptable ni nguvu.

Nikafungua mulango, nikapita mbele ya Kavira bila kumuangalia, mpaka inje. Patron alikuwa kando ya camion. Nikasema na sauti ya pasteur siku ya Mungu, ili bote basikie, kwamba Beni iko kazini na réseau iko na afya kutupita sisi bote. Patron akaniangalia, akageuka kwa Papa Muhindo, akamuambia awashe.

Muzee akapanda. Mbele ya kufunga mulango akainama kidogo kwangu.

— Kijana, uko na hakika?

— Hakika kabisa, papa.

Alikuwa anatafuta sababu moja tu ya kubaki, na mimi nikamunyanganya. Bibi yake akasimama, akamupatia bugali ya njia ndani ya kitambaa. Camion ikaanza kunguruma.

Ningenyamaza pale, ningekuwa mutu. Mais hapana, nilitaka Patron aone na macho yake. Nikamuomba aingie dakika moja tu, camion ingojee. Akaingia, na nyuma yake bachargeurs ba kupakia camion, na mulinzi, na Kavira mwenye kunitolea macho. Nikamuuliza Patron tuambie Beni nini. Akasema tumuambie Kambale atayarishe mahali ya kushusha sabuni. Nikaandika. Nikafinya bouton na kidole kimoja, polepole, ili kila mutu aone.

Nyuma ya ukuta wa mbao kitu kikalia: piip.

Nikabaelezea kwamba ni echo, sauti inarudi. (Echo. Na diplôme yangu iko pale kwa ukuta.)

Kisha tukasikia kiti kinasogea. Mulango wa pembeni ukafunguka, na mutu akaingia na vumbi mpaka kwa kope, viatu ndani ya mukono, miguu imevimba. Kambale. Kambale mwenyewe wa Beni. Akasalimia Patron na mikono mbili.

— Patron, nimepata message yenu. Mais ile mahali ya kushusha, nitayarishe hapa, ao wapi?

Inje camion ilikuwa inanguruma tu.

Patron wetu ni mutu wa tumbo, sijamuona akikimbia hata siku moja. Leo alikimbia. Papa Muhindo alikuwa amechoka kungojea, pua ya camion ilikuwa inatoka kwa mulango wa parcelle. Patron akapiga mabati ya camion na ngumi mbili mpaka moteur ikazima.

Ndipo Kambale akatuelezea. Beni imekimbia. Bunduki zinalia kwa barabara ya kuingia, na batu bote bako njiani na magodoro kwa kichwa. Gari ya bureau basoda benye bunduki bameichukua. Yeye na benzake balifunga ma-ordinateur juu ya baiskeli, bakayasukuma mpaka Butembo, bakaingia na mulango wa nyuma. Kavira akabaweka kwa chumba ya pembeni, akabapatia maji, akangojea mimi nitoke nimuambie Patron. Kambale akaunga machine yake na ya mwenzake kwa cable ya pale, aone kama hazikufa na mashimo ya njia. Message yangu aliipokea na furaha. Alifikiri, kwa sababu niko na évaluation na sitaki kusumbuliwa, ndiyo maana nabasalimia na machine.

Ile camion ilijaa mazout, ndugu zangu, na mimi ndiye nilisema hakika kabisa.

Papa Muhindo akaingia. Akaangalia miguu ya Kambale, akaniangalia mimi. Nikatayarisha shavu. Muzee akakaa chini akacheka, akacheka mpaka machozi, na kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Bibi yake akafungua kile kitambaa, akapatia Kambale bugali.

Patron akauliza, na réseau? Nikakaza roho. Nikamuambia ni nzima. Ilinyamaza wakati Beni hakukuwa mutu, ikaitika wakati ba Beni balifika. Ni mimi sikuisikia. Patron akafikiri, akasema antenne zitabaki. Mimi bado ananipima.

Basi mucheke, mais polepole. Beni imelala hapa pembeni yangu.