Kwaya ya Wamama Ilikuja Kuombea Moyo Wangu

Leo nimevuliwa nguo. Wala sisemi kwa mafumbo.

Mnanijua, mimi ndiye Kahindo wa vitenge, pale soko kuu la Bunia. Nimenyonyesha watoto wanne, na yule wa mwisho aliacha ziwa akiwa tayari anajua kukimbia. Kilichobaki kifuani kilikuwa soksi mbili zilizoanikwa. (Mnisamehe, ndivyo zilivyokuwa.) Basi nikaweka akiba, nikaenda Kampala na dada yangu, daktari akanitengenezea matiti mapya. Bwanangu anajua. Wengine niliwaambia tu kwamba nimepasuliwa kifuani. Kwaya yetu ya wamama ikaelewa kwamba ni moyo.

Maskini, wakafunga na kuomba. Leo mchana wakanipigia simu kwamba wako njiani, wanakuja kuniona.

Nilikuwa peke yangu, na gauni la kulalia. Daktari alinikataza kuinua mikono, akasema nivae nguo za vifungo vya mbele tu. Lakini watu wa kanisa utawapokea na gauni la kulalia? Nikachukua libaya la kwaya, blauzi isiyo na vifungo ya kupitishia kichwani, iliyoshonwa kwa kipimo cha kifua cha zamani. (Hapo akili ilikuwa bado Kampala.) Mkono mmoja ukaingia. Kichwa kikaingia. Nguo ikafika juu ya kifua kipya, ikagoma. Kushusha siwezi, kuvua siwezi. Kichwa ndani, mkono umekwama hewani, mambo mengine yote nje. Nikavuta kidogo. Maumivu yakanichoma, nikapiga kelele.

Wakati huo walikuwa wanaingia uani.

Bunia imetulia siku hizi, lakini ni utulivu wa kulala na viatu karibu. Mtu akipiga kelele, kwanza unatafuta pa kukimbilia. Nikasikia sufuria ya sombe, kisamvu walichoniletea, ikianguka na miguu ikienda mbio kwenye lango. Kisha miguu ileile ikarudi. Wamama wale wote wamekwisha kukimbia vita, na bado walirudi mahali kelele ilikotoka.

Mlango ukafunguka. Sikuona mtu, nilisikia hatua tu. Mama Kavira, kiongozi wetu, mwenye umri wa mama yangu, akasogea karibu. Akasema polepole, kama anayesoma Biblia:

"Moyo ya mutu iko moja. Hii imevimba mbili namna gani?"

Nikakiri kutoka ndani ya libaya kwamba si moyo, ni matiti, nimeyatengenezesha. Nikangoja mahubiri. Badala yake nikasikia makasi yakikata mshono ubavuni, taratibu, na mkono wa Mama Kavira umenishika kichwa kama wa mtoto anayeogeshwa. Nilipotoka, wote walikuwa wamenizunguka, midomo wazi, kama watu waliokuja kuona mapacha. Mmoja akauliza kama nikilala na yenyewe yanalala. Hakuna aliyecheka.

Mlangoni alisimama Mama Ngave. Huyu alikimbia kutoka Djugu, anaishi kwenye kambi ya wakimbizi. Anaimba nasi kila juma, lakini cheko lake hatujawahi kulisikia. Alinitazama sana, halafu akasema:

"Siye tulikimbia, tukafika bila muzigo. Weye ulienda tu kutembea, ukarudia na mbili."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi sakafuni, akafuta machozi kwa kitenge, akaanza upya. Hakuna aliyesogea. Tulimtazama kama watu wanaotazama mvua ya kwanza, tukiogopa kuikatiza. Nilisahau kwamba niko kifua wazi.

Nanyi chekeni, nimewaruhusu. Ila msije kunichekesha nyumbani: nyuzi bado zinavuta.